Maswali tunayoulizwa kila siku: unatoka Arusha au Moshi, umealikwa kongamano nje ya nchi

Ofisi yangu iko Arusha, nyumbani ni Moshi, na kila mwaka ikifika mwezi wa pili wa tatu simu yangu haitulii. Huyu kaalikwa Vienna, huyu Cape Town, huyu kakubaliwa kwenda Leuven kule Ubelgiji kuonyesha utafiti wake wa migomba na hajawahi hata kupanda ndege. Wengi wanatoka vyuo kama Nelson Mandela pale Tengeru, KCMC, Ushirika, Mweka, wengine ni wa vikundi vya wakulima na mashirika madogo madogo. Nimeona majibu niyaweke sehemu moja. Kinachoniuma ni kwamba wengi wanaokwama hawakwamishwi na ubalozi, wanakwamia hapa hapa nyumbani, kwenye jina, kwenye tarehe, kwenye karatasi moja iliyosahaulika, na kazi waliyoifanya ni nzuri kabisa ilitakiwa isikike.

Nimepata imeili kwamba abstrakti yangu (ule muhtasari wa utafiti) imekubaliwa. Naanza na nini?

Anza na pasipoti, hata kama una furaha ya kutaka kumpigia kila mtu. Ifungue ukurasa wenye picha uangalie inaisha lini. Nchi nyingi zinataka ibaki na miezi 6 kuanzia siku unayosafiri, Ulaya ya Schengen, zile nchi zinazotumia viza moja, wanataka miezi 3 baada ya siku unayotoka kwao, iwe imetolewa ndani ya miaka 10 na iwe na kurasa 2 tupu. Ikikosa kimojawapo shughulikia hicho kwanza, mengine yasubiri.

Halafu chukua kalenda uhesabu kurudi nyuma kutoka siku ya kongamano, usihesabu kuanzia leo kwenda mbele. Kongamano ni tarehe 10 Septemba, viza uwe nayo mkononi mwisho wa Agosti, ina maana faili liwe limeshapelekwa mwezi wa 7, ina maana barua ya mwaliko na barua ya mwajiri viwe tayari mwezi wa 6. Ukihesabu hivyo ndo unaona muda ulio nao ni mdogo kuliko ulivyodhani.

Nitajuaje kama kongamano lenyewe ni la kweli?

Swali zuri na watu hawaliulizi mapema, wanaliuliza wakishatuma hela. Kuna makongamano ya kitapeli mengi tu. Unakuta imeili inakusifia mpaka unashangaa, inakuita profesa na wewe bado unasoma masters, abstrakti inakubaliwa ndani ya siku moja, kongamano moja linahusu udaktari wa meno na ujenzi wa madaraja na elimu ya awali vyote pamoja. Ukiona hivyo tulia. Angalia kamati ya kisayansi ina watu gani, kisha mtafute mmoja wao kwenye tovuti ya chuo chake umwandikie umuulize kama anajua jina lake limewekwa pale. Muulize msimamizi wako kama kuna mtu anayemfahamu aliyewahi kwenda. Na wakikuambia ulipe kwanza ndo wakupe barua ya mwaliko, tena ulipe kwa kumtumia mtu binafsi, achana nao.

Lingine, usidharau makongamano ya nyumbani. AICC, kituo cha mikutano ya kimataifa, iko katikati ya mji wa Arusha, Jumuiya ya Afrika Mashariki makao yake makuu yako hapa, Mahakama ya Afrika iko hapa. Kama kuna mkutano wa fani yako unafanyika hapa mjini nenda kajisajili, ukae humo ndani uone watu wanavyouliza maswali na wanavyojibiwa. Aliyeanzia hapa anaenda Ulaya akiwa ametulia zaidi.

Sina pasipoti kabisa. Inachukua nini?

Maombi yanajazwa onlaini kwenye tovuti ya Idara ya Uhamiaji, unapata kontroli namba unalipa, unaprinti fomu unaipeleka ofisi ya uhamiaji ya mkoa wako, Arusha au Moshi, na hapo unachukuliwa picha na alama za vidole. Ada ya pasipoti ya kawaida ya kielektroniki ni shilingi 150,000 na inadumu miaka 10. Andaa kitambulisho cha NIDA, cheti chako cha kuzaliwa, cheti cha kuzaliwa cha mzazi au kiapo chake, picha zenye rangi ya bluu nyuma, na ushahidi wa safari, ambapo barua yako ya mwaliko inakusaidia sana.

Kinachochelewesha watu ni hicho cheti cha mzazi. Wazee wetu wengi wa milimani hawana vyeti, kwa hiyo kiapo kinaandaliwa kwa mwanasheria na mzazi lazima asaini. Kama mama yuko Rombo na wewe uko Arusha panga hiyo safari mapema, usimwite mama wa watu asubuhi ashuke mbio na baridi ya kule juu.

Kwa nini mnasisitiza sana majina?

Kwa sababu mimi mwenyewe yamenikuta. Safari yangu ya kwanza nilijisajili kwenye kongamano kwa majina mawili, la kwanza na la ukoo, kama ninavyoitwa kazini. Barua ya mwaliko ikaja na mawili, tiketi nikakatiwa na mawili, tena la ukoo wakaliweka mbele. Pasipoti ina matatu. Usiku ule kaunta ya abiria yule dada akaweka pasipoti yangu kando ya skrini, akapitisha kidole chini ya jina moja moja, akarudia, akanyamaza. Nyuma yangu foleni ndefu, mi jasho linanitoka, akaniuliza kwa upole, "Hili la katikati kwenye tiketi liko wapi?" Ikabidi apige simu, nikalipia marekebisho, nikaingia ndani wa mwisho kabisa. Nilikuwa na bahati tu.

Kwa hiyo fungua pasipoti, andika majina yote kama yalivyo humo, herufi kwa herufi, na uyatumie hayo hayo kwenye usajili wa kongamano, barua ya mwajiri, bima, tiketi, hoteli, viza. Kama NIDA imekuandika Elizabeth ya z na cheti cha kuzaliwa kina Elisabeth ya s hilo likamilishe kabla ya kuomba pasipoti, sio baada. Na kinamama mlioolewa mkabadilisha majina, kama vyeti vya shule ni vya jina la zamani bebeni nakala ya cheti cha ndoa.

Ni nchi gani naweza kwenda bila viza?

Kwa makongamano ya karibu uko vizuri. Kenya na Rwanda Mtanzania anaingia bila viza, Afrika Kusini pia hadi siku 90. Ndo maana kama una nafasi ya kuchagua, kongamano la Kigali au Nairobi ni shule nzuri ya kwanza, gharama ndogo na stresi ndogo. Nairobi hata ndege huhitaji, unapanda shato asubuhi pale mjini, unavuka Namanga unagonga muhuri pande zote mbili kwenye jengo moja, jioni umefika.

Ila kutohitaji viza sio kutohitaji karatasi. Barua ya mwaliko, hoteli na tiketi ya kurudi beba zilizoprintiwa, maana simu inaweza kuzima chaji ukiwa mbele ya afisa.

Viza ya Schengen ikoje? Hii ndo inanitisha.

Isikutishe, ina utaratibu, ukiufuata inaeleweka. Schengen ni nchi 29 zinazotumia viza moja, humo kuna Ujerumani, Ufaransa, Uholanzi, Ubelgiji, Italia, Austria, Uswisi na wengine. Uingereza haimo, Ireland haimo, hizo zina viza zao. Unaomba kwa nchi ambako utakaa siku nyingi zaidi, sio ile ndege yako inakotua kwanza. Kwa mfano unashukia Amsterdam unalala usiku mmoja halafu siku 4 za kongamano ziko Ubelgiji, basi maombi ni ya Ubelgiji.

Unaruhusiwa kuomba kuanzia miezi 6 kabla ya safari na mwisho ni siku 15 kabla. Jibu kwa kawaida linatoka ndani ya siku 15 lakini wanaruhusiwa kufika mpaka 45 wakihitaji kuchunguza zaidi, kwa hiyo anayepeleka faili wiki mbili kabla anacheza kamari. Ada ni yuro 90 kwa mtu mzima tangu Juni 2024, ukinyimwa hairudi, na kituo kinachopokea maombi kinaweza kuongeza ada yake ya huduma. Bima ya safari lazima ifike angalau yuro 30,000, ifanye kazi nchi zote za Schengen na ilipie matibabu na kukurudisha nyumbani, hizi zinauzwa na kampuni za bima hapa hapa Arusha na sio ghali kwa safari ya wiki moja.

Faili lenyewe ndo lina kazi. Wanataka kuelewa vitu vitatu tu, unaenda kufanya nini, nani analipa, na nini kitakurudisha nyumbani. Barua ya mwaliko ijibu cha kwanza, iwe na tarehe, mahali, jina lako kamili na kama unawasilisha iseme unawasilisha nini. Cha pili kinajibiwa na barua ya mfadhili na stetimenti za benki, na barua ya mfadhili isiseme tu kwamba atakugharamia, itaje tiketi, malazi, chakula, bima, kila kimoja nani analipa. Cha tatu kinajibiwa na barua ya mwajiri inayosema umeanza kazi lini, umepewa ruhusa tarehe ngapi hadi ngapi na unatarajiwa kurudi kazini siku gani. Ongeza salari slipu, cheti cha ndoa, vyeti vya kuzaliwa vya watoto, leseni ya biashara au hati ya shamba kama unayo. Za Kiswahili zitafsiriwe na mtu anayekubalika, usitafsiri mwenyewe kwenye simu.

Angalia pia idadi ya kuingia. Kama baada ya Geneva unataka kupita London kumwona shemeji halafu urudi Geneva kupanda ndege, viza ya kuingia mara moja imeisha pale ulipotoka Uswisi, na London yenyewe inataka viza yake. Watu wamekwama hivyo wakiwa tayari huko ugenini.

Benki yangu ina hela kidogo. Niazime niweke?

Hapana jamani. Huu ushauri unatolewa sana vijiweni na unawaumiza watu. Anayesoma stetimenti yako anaona miezi 3 au 6, anaona mshahara laki saba unaingia na kutoka, halafu ghafla wiki ya mwisho imeingia milioni nane isiyo na maelezo. Hiyo inatia shaka kuliko akaunti ndogo yenye mwenendo wa kawaida. Kama mfadhili analipa kila kitu acha barua yake ibebe huo mzigo na akaunti yako ionyeshe tu kwamba una maisha yako yanayoendelea. Kama wewe ni mkulima au mfanyabiashara na hela yako inapita kwenye simu, omba stetimenti ya simu yenye muhuri uambatanishe na ya benki. Na kama kweli umepata hela kubwa karibuni, umeuza ng'ombe, umeuza kahawa, kikundi kimegawana, weka karatasi inayoonyesha imetoka wapi.

Lazima niende Dar?

Kwa viza nyingi za Ulaya na Uingereza ndiyo, alama za vidole zinachukuliwa Dar es Salaam, na hilo kwetu sisi wa kaskazini ni gharama ambayo watu hawaiweki kwenye bajeti. Nauli ya basi kwenda na kurudi, siku moja nzima njiani kila upande, usiku mmoja au miwili wa kulala. Usipande basi la asubuhi ukategemea apointimenti ya siku hiyo hiyo mchana, foleni ya Kimara inatosha kukuharibia. Fika jana yake, lala, asubuhi nenda umeoga na faili lako limepangwa. Nakala za kila kitu zitolee huku huku, ukifika kule ukaambiwa karatasi moja imekosekana utazunguka na jua la Dar kutafuta steshonari.

Nafuu iliyopo ni kwamba ukishatoa vidole kwa Schengen vinatunzwa miezi 59, karibu miaka 5, kwa hiyo maombi yanayofuata wanaweza kuvitumia tena.

Nimenyimwa viza. Ndo basi?

Sio basi. Kaa siku moja, lia kama unataka kulia, halafu isome ile fomu ya kunyimwa. Schengen wanaweka tiki kwenye sababu na wana utaratibu wa kukata rufaa. Kama sababu ni kwamba kusudi la safari halikueleweka mara nyingi tatizo ni barua ya mwaliko ilikuwa dhaifu. Waandikie waandaaji mara moja, makongamano mengi ya kweli yana mtu wa kushughulikia viza na wanakubali kuandika barua nzuri zaidi, au kukuruhusu uwasilishe kwa video. Na ukiomba tena mahali popote ukaulizwa kama umewahi kunyimwa, sema ndiyo. Anayeficha ndo anaharibu.

Na Marekani?

Tangu 2025 Marekani imekaza masharti ya viza kwa Watanzania na yamekuwa yakibadilika. Kabla hujalipa ada yoyote soma tovuti ya ubalozi wao wa Dar siku hiyo hiyo, maana ada haina kurudishwa, na waulize waandaaji mapema kama kuna njia ya kushiriki onlaini.

Chanjo ya homa ya manjano ninaihitaji kweli?

Inategemea unaenda wapi na unapita wapi, na hilo la kupita ndo linasahaulika. Nchi zinazodai kadi ya njano, yaani cheti cha chanjo hiyo, zinaweza pia kuidai kama umekaa zaidi ya saa 12 kwenye uwanja wa ndege wa nchi yenye homa ya manjano, na Kenya na Ethiopia zote zimo kwenye orodha hiyo. Tiketi rahisi yenye kusubiri Addis Ababa saa 14 inaweza kukuletea swali ukifika unakoenda, au siku ya kurudi nyumbani. Chanja tu. Kadi inaanza kutambulika siku 10 baada ya sindano, na tangu Julai 2016 inadumu maisha yako yote, kwa hiyo hata ile kadi ya zamani iliyoandikwa miaka 10 bado ni halali. Uliza hospitali ya mkoa, Mount Meru kwa Arusha na Mawenzi kwa Moshi, watakuelekeza pa kuchanjwa. Usinunue kadi bila kuchanjwa, ni afya yako hiyo.

Mimi ni mtumishi wa umma, kuna la ziada?

Kibali cha kusafiri nje, na kinapita ngazi kadhaa kwa hiyo barua iandike siku ile ile uliyopata mwaliko. Taja nani anagharamia, hilo ndo la kwanza kuulizwa.

Waandaaji wanasema watanirudishia hela baadaye. Nikubali?

Waulize kwanza kama wanaweza kukukatia tiketi wao wenyewe. Wengi wanasema ndiyo ukiuliza, wasipoulizwa wanakaa kimya. Tiketi ya kutoka KIA, uwanja wetu wa ndege wa Kilimanjaro, kwenda Ulaya ni mishahara ya miezi kadhaa kwa kijana anayeanza kazi, kuikopa halafu usubiri miezi miwili kurudishiwa sio jambo dogo, na hakuna aibu kuwaandikia kwa adabu kwamba huna uwezo wa kutanguliza. Kama hakuna njia basi andikishianeni kwenye imeili nini kitarudishwa na kwa muda gani, na tunza kila risiti na kila bodingi pasi.

Niruke kutoka KIA au nishukie Nairobi?

KIA iko katikati yetu, Arusha kilometa 50 hivi, Moshi 40 na kitu, na kuna ndege za kukuunganisha kupitia Addis Ababa, Doha au Amsterdam. Nairobi wakati mwingine ni rahisi zaidi ila jumlisha nauli ya shato, muda wa mpakani, na usiku wa kulala kama ndege ni ya alfajiri. Ukijumlisha vizuri tofauti inapungua.

Hapa kuna mtego nausema kila mwaka na kila mwaka mtu ananaswa. Tiketi ikisema tarehe 14 saa 00:40 hiyo ni saa 6 na dakika 40 usiku wa kuamkia tarehe 14, yaani unatakiwa uwe KIA tarehe 13 kabla ya saa 4 usiku. Sisi usiku ule bado tunauita wa tarehe 13. Nimeshampigia simu mtu saa 5 usiku kumtakia safari njema akaniambia "ni kesho", yuko kitandani Majengo. Andika kwenye karatasi kwa saa zetu ubandike mlangoni. Na usafiri wa usiku upange kabla, mchana unaweza kushuka njia panda ya KIA na kuchukua bodaboda mpaka uwanjani ila usiku na begi kubwa usijaribu, kodi taksi ya mtu unayemfahamu.

Naenda Ulaya Januari, nitavaa nini?

Hapa sisi tuna bahati ambayo watu wa Dar hawana. Moshi na Arusha kumejaa majaketi ya kupandia mlima, muombe guide au mpagazi unayemfahamu akuazime jaketi la manyoya, glavu na kofia, kilichofaa kileleni Uhuru kinafaa Berlin. Ukitaka la kwako nenda Memorial pale Moshi asubuhi bale zinapofunguliwa, utapata koti zito kwa bei ya mitumba. Viatu ndo usikosee, vifunge vizuri na visipitishe maji, na uvivae wiki mbili kabla visije kukuchubua. Ndani ya kumbi kuna joto, kwa hiyo vaa nguo nyepesi chini na nzito juu. Siku ya kuwasilisha vaa kitenge chako kilichoshonwa vizuri kama unakipenda, kinakaa vizuri kuliko suti ya kuazima inayokubana mabega.

Bango na slaidi nizibebeje?

Soma maelekezo ya kipimo, mengi ni A0 ambayo ni milimita 841 kwa 1189, lakini wengine wanataka la kusimama na wengine la kulala. Printi kwenye kitambaa, linakunjwa linaingia kwenye begi la mkononi, la karatasi linataka bomba na bomba linasahaulika uwanja wa ndege. Slaidi ziwe kwenye laptopu, kwenye flashi na kwenye imeili yako, pamoja na nakala ya PDF maana fonti zinaharibika kwenye kompyuta ya watu. Pawabenki inakaa begi la mkononi, haitakiwi kwenye mzigo wa chini. Vimiminika vya mkononi kila chupa isizidi mililita 100, mafuta ya nazi nayo ni kimiminika. Adapta nunua hapa hapa, plagi zetu za miguu mitatu bapa haziingii Ulaya, kule ni miguu miwili ya duara.

Naweza kubeba zawadi za chakula?

Kwa Umoja wa Ulaya nyama na maziwa hapana, hata kidogo, kwa hiyo siagi ya bibi na nyama iliyokaushwa viache nyumbani. Matunda mengi yanataka cheti cha afya ya mimea isipokuwa nanasi, nazi, tende, durian na ndizi. Ndiyo, ndizi zinaruhusiwa, wale wa Kilimanjaro nawaona mnavyofurahi. Zawadi nzuri kuliko zote ni kahawa yetu iliyokaangwa, pakiti za robo kilo, haivuji haivunjiki na kila profesa anakunywa.

Hela na simu?

Nenda tawi la benki yako uwaambie kadi itumike nje na unasafiri tarehe fulani. Beba yuro au dola kidogo za taslimu za siku mbili, noti safi. Data nunua laini ya huko au eSIM, rominga itakumaliza.

Nikifika nitaulizwa nini?

Umekuja kufanya nini, utakaa wapi, unaondoka lini. Jibu kwa kifupi na kweli, barua ya mwaliko na anwani ya hoteli viwe mkononi sio kwenye begi lililoko juu. Tangu 12 Oktoba 2025 nchi za Schengen zimeanza mfumo mpya wa mpakani ambao unapigwa picha na vidole vyako vinahakikiwa, foleni inaweza kuwa ndefu, kwa hiyo kama unaunganisha ndege usikubali tiketi yenye nafasi ya saa moja tu.

Kiingereza changu sio kizuri na naogopa kusimama mbele ya watu. Nifanye nini?

Hili swali huwa linakuja mwisho, kwa sauti ya chini, baada ya viza na tiketi vyote kukamilika. Nakujibu kwa uzito kabisa. Umechaguliwa kwa sababu ya kazi uliyoifanya, na nusu ya watu humo ukumbini Kiingereza sio lugha yao ya kwanza, utawasikia Wajapani na Wabrazili wakitafuta maneno kama wewe. Ongea taratibu. Dakika 10 zinatosha slaidi 10, usiweke 25. Andika sentensi ya kwanza na ya mwisho uzijue kwa moyo, katikati utaongozwa na picha zako. Fanya mazoezi ya kusimama mara tano, mbele ya wenzako wa ofisini, mbele ya mdogo wako, na mwombe mtu mmoja akuulize maswali magumu makusudi. Ukiulizwa usichosikia omba arudie. Ukiulizwa usichokijua sema hatujapima hilo bado, hilo jibu linaheshimika sana kwenye sayansi.

Na wakati wa chai usikimbilie simu. Chagua watu watatu kabla hujasafiri, wasome walichoandika, waandikie imeili wiki moja kabla kwamba ungependa dakika kumi nao.

Nikirudi?

Bodingi pasi na risiti zitume wiki hiyo hiyo kabla wino haujafutika. Wale watatu waandikie ndani ya siku tatu. Pasipoti yenye viza iliyotumika vizuri itunze hata ikiisha muda, inakusaidia kwenye maombi yajayo. Na kazi yako irudishe kwa waliokupa data. Yule wa migomba alipotoka Leuven, ambako kunatunzwa mkusanyo mkubwa kuliko wote duniani wa aina za migomba, alipanda na bango lake mpaka Kibosho kwa wakulima aliopima mashamba yao. Limetundikwa ukutani kwenye ofisi ya chama cha msingi, pembeni ya kila picha ameandika Kiswahili kwa kalamu nene, na mzee mmoja ameshamrekebisha jina la aina moja ya ndizi.